Miguu ya Yakuti

Alhamisi, mwezi 9 Mfunguo Tano

Leo ni miguu yote miwili ya nyuma, si mmoja tena. Yakuti, paka wetu wa Kiajemi, hajatimiza hata mwaka, naye anachechemea kama kizee.

Mama alimwita Bi Mize, mkandaji wetu hapa Chole. Nikamsomea daftari langu: siku kumi na saba, kila magharibi, mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na kukanda kwa nguvu, kama akandwavyo mtoto.

Bi Mize akacheka. “Makubwa! Paka ana karani.” Kisha akampapasa nyonga, akaacha kucheka. “Kazaliwa hivi, mwanangu. Mifupa haikukaa vyema. Ukimkanda unamtonesha.”

“Nifanye nini basi?”

“Umwache.”

Siku zote hizo nimemuumiza, nikidhani...

Nilipompelekea samaki, alijiburuta mpaka uvunguni mwa kitanda. Nimeiacha sahani, nikatoka nje ili apate kula.