Ndala Kwenye Tangi la Dizeli

Kimara, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Mbinga? Na Baba, kahawa amemaliza kuanika? Sisi tu wazima, mkweo Venance anakuamkia, tatizo letu ni joto tu. Barua hii nimempa Alfonsi anayekuja huko kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na mambo haya nataka uyasome peke yako.

Kwanza nijisifu. Tangu niache kuajiriwa na kufungua ofisi yangu ya ufundi wa matangi ya mafuta, kazi ya kwanza kwa jina langu niliipata Temeke, kwenye kiwanda cha mikate cha mama mmoja anaitwa Demetria. Tanuri lake linatumia dizeli, na tangi liko nyuma, limepakana na stoo ya unga. Wateja walikuwa wanarudisha mikate wakisema inanuka mafuta. Hamida, dada wa mauzo, akaanza kufukiza udi. Basi mikate ikanuka mafuta na udi.

Mafundi walionitangulia walisema tangi limetoboka, anunue jipya. Demetria aliniambia wazi kwamba jipya hana uwezo wa kulinunua. Nami nikishindwa anafunga, na watu wake wote warudi nyumbani.

Tangi lile, Mama, ni kama sufuria ndani ya sufuria. La ndani linashika mafuta, la nje linayadaka la ndani likivuja. Nilifunga kitambaa cheupe kwenye ufito, nikauteremsha hadi chini katikati ya kuta zile mbili. Kikarudi kikavu. Nikamwambia Demetria tangi lake ni zima kabisa, asidanganywe. Wenzangu waliona michirizi ya mafuta ubavuni wakatoa hukumu bila kutazama inaanzia wapi.

Mimi nilifuata pua, na siku ile pua yangu ilikuwa kali ajabu. Nilipovuka geti tu nilitapika, vijana wa tanuri wakacheka, wakaulizana huyu fundi gani anashindwa na dizeli. Nikawaacha wacheke. Nikapanda juu ya tangi, na harufu ikazidi pale kilipofungwa kipimo cha mafuta. Nikakifungua. Mama, mtu alikuwa amekata ndala akaiweka badala ya mpira wake wa kuzibia! Ndala ya bluu, imevimba na kulainika kama mkate uliolowa chai. Kila walipojaza tangi hadi juu, mafuta yalipenya hapo yakateremka ubavuni, na harufu ikaingia kwenye unga.

Nikaweka mpira unaohimili mafuta, nikafuta kila kitu, nikamwambia Hamida aache udi wake kabla hajatuchoma. Walipojaza tena, halikutoka hata tone. Unga ulionuka ukatupwa, na wateja wamerudi.

Siku ile Demetria alinivuta pembeni. Nilidhani ananishukuru. Akasema yeye ni mama wa watoto wanne, na fundi aliyezoea dizeli hatapiki bure, nikapime. Nilimkasirikia, maana moyo wangu ulishachoka kupima. Hata hivyo nilienda.

Mama, nina mimba. Nilinyamaza mpaka nipite pale walipoishia wale wawili, na sasa nimepita. Anacheza, Mama, hata ninavyoandika anacheza. Najua uliacha kuniuliza ili usiniumize, na niliona ulivyokuwa unajizuia. Sasa niulize chochote unachotaka. Usihofu kuhusu kazi, juu ya matangi anapanda Fransis niliyemwajiri. Mie nakaa mbali na mafuta, naelekeza tu, na anajua simwachii afanye ovyo.

Msalimie Baba na shangazi Tekla, na majirani wote wanaoniulizia. Wale wawili hawakufika kupewa majina. Huyu anafika, na jina nataka umpe wewe. Anza kulitafuta.

Mwanao akupendaye,
Rosalia