Ng'ombe wa Bhoke Wasiokufa

Nkende, Jumamosi, Januari 1956

Hata sasa sijaelewa. Nilijisifu mwenyewe kwa shemeji yangu Marwa kwamba kesho nitamweleza hesabu anazosoma binti yangu Bhoke, ili akubali arudi sekondari. Tangu mume wangu afariki, Marwa ndiye mwenye kauli. Na nani mwingine hapa Nkende ana binti sekondari? Ni mimi tu.

Basi Bhoke akanirahisishia hesabu hizo kwa mfano wa ng'ombe. "Mama, mwaka wa kwanza watatu, wa pili sita, wa tatu kumi na wawili. Wa nne je?"

"Weee! Ndama hajazaliwa unamhesabu? Na madume nao huzaa? Na fisi je?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, hawa hawafi. Fuata mpangilio wao tu."

Ng'ombe gani hao wasiokufa? Kujumlisha najua, nilifika darasa la pili. Lakini hili la kutaja kisichokuwapo bado...

Naogopa. Marwa akiniona nababaika atasema shule ni upuuzi, amwoze.

Nimeamua. Kesho nitasema, "Bhoke, mweleze baba yako mdogo." Nami nitakaa kando nikiitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeyajua hayo zamani.