Mkono Usiofika Sikioni

Jumatatu, 1 Septemba 1975
Nimepima watoto kumi na wanane kabla ya saa sita. Mkono juu ya kichwa, vidole viguse sikio la upande wa pili. Ukifika, darasa la kwanza. Usipofika, arudi mwakani. Masista walinifundisha hivyo kabla serikali haijachukua shule yao na kuniachia mimi funguo na ukuu wa shule. Sasa barua ya mkaguzi inasema tupokee kwa cheti cha kuzaliwa tu, na aliyepita miaka tisa asiingie tena darasa la kwanza. Daftari linafungwa Jumamosi. Nimeiweka barua chini ya kengele. Vyeti vinanunuliwa, mkono haununuliwi.

Wa mwisho alikuwa Mujinga, jina la Kiluba, si tusi, kasichana, mjukuu wa bibi mmoja wa njia ya Kambove. Vidole viliishia juu ya nyusi. Nikamrudisha.

Jumanne, 2 Septemba
Yuko nje ya uzio. Amesimama, mkono juu ya kichwa, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Hachezi. Halii. Amenichukiza.

Jumatano, 3 Septemba
Bado yupo.

Nimefungua madaftari ya zamani. 1972: Mujinga, mkono juu ya nyusi, arudi. 1973: Mujinga, juu ya nyusi, arudi. 1974, vilevile. Mwandiko ni wangu. Hata lile gauni la maua ya buluu alilovaa sasa nalikumbuka, na bado linamtosha.

Alhamisi, 4 Septemba
Bibi amekuja na cheti. Mtoto amezaliwa 1966. Ana miaka tisa, mwakani mlango umefungwa. Cheti alikuwa nacho miaka yote. Sikuwahi kumwomba.

«Mama Directrice, weye ulisema arudie wakati mukono itafika. Kila asubui tunaivuta. Inakatala.»

Nikaitazama mikono ya mtoto. Wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa urefu, kiasi cha upana wa vidole viwili hivi. Nikasema nitafikiri. Uongo. Nilikuwa naona aibu tu, maana kumpokea ni kukiri kosa.

Ijumaa, 5 Septemba
Wakati wa mapumziko uwanja ulinyamaza. Nikatoka. Darasa la kwanza zima limejipanga kwenye uzio, wanatazamana na Mujinga, kila mmoja na mkono juu ya kichwa. Hakuna anayecheka. Nikapiga kengele. Hawakushusha. Nikapiga tena.

Niandike kama ilivyo: nimeogopa watoto.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimemwandika. Nafasi ilibaki moja. Kwa cheti, si kwa mkono. Mkaguzi, mtu asiyewahi kumfuta mtoto makamasi, amepata, na mimi niliyewapima miaka yote hii nimekosa. Inauma. Nilitaka shule iachiwe wenye kuwajua watoto. Huyu nimemwona mara nne na sikumjua.

Jumatatu, 8 Septemba
Benchi la mbele. Miguu yake haigusi sakafu. Nilipoita jina hakujibu. Alipitisha mkono juu ya kichwa akauacha pale. Mwalimu alimwambia ashushe. Wapi. Hesabu ikapita, kusoma kukapita, mkono uko palepale, vidole juu ya nyusi.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikasema kwa lugha ya bibi yake:

«Imefika, mama.»

Akaushusha. Akaomba kalamu.