Mshale Usiogeuka

Jumatatu, 13 Februari
Mtihani wa mdomo ni Ijumaa. Jaribio la tatu, la mwisho. Nikianguka, ndiyo basi — hisabati siisomi tena popote Ujerumani. Vekta maalumu za matriksi, yaani mishale ambayo jedwali la namba huirefusha au kuifupisha tu, bila kuigeuza upande. Fasili naikariri kama kasuku. Kasuku ana afadhali, yeye halii.

Jumanne, 14 Februari
Mama kapiga simu kutoka kwetu Leer. Eti kurudi nyumbani si aibu, duka la dawa la mjomba Gerold linataka mtu. Umekula? Nimekula, Mama. Uongo.

Jumatano, 15 Februari
Henrike, ninayeishi naye, amenitangulia mwaka mmoja chuoni. Nimemkuta jikoni anakanda donge la unga wa tambi. Akaniona macho yalivyovimba.
“Wiebke, acha kukariri. Njoo hapa.”
Akachora mishale kwenye donge kwa ncha ya kisu, kila upande. Akalivuta kwenda mbele tu.
“Ipi imegeuka?”
Karibu yote! Ya mshazari imeinama. Ila ule wa mbele umerefuka tu, na uliolala kukatiza upana umebaki vilevile.
“Basi hizo ndizo vekta zako. Matriksi ni mikono yangu, mjinga we!”
Miaka miwili naandika alama, sijawahi kuona kitu!

Alhamisi, 16 Februari
Hofu imerudi. Nimemuuliza Henrike: profesa akisema nithibitishe, je? Donge halithibitishi kitu.

Ijumaa, 17 Februari
Niko koridoni. Wamenitoa nje wajadiliane.
Profesa Brandis aliuliza: ukizungusha bapa, uso tambarare kama karatasi, robo mzunguko, mshale upi haugeuki? Mkono wangu ukaanza kuzunguka wenyewe juu ya meza. Hakuna! nikapayuka.
“Thibitisha.”
Nikaanza vizuri. Nikakosea alama ya kutoa, nikafuta, nikafuta tena — muda ukaisha. Msaidizi wake hakuniangalia.
Nawasikia mlangoni. Mmoja anasema huyu anaona. Mwingine anasema kuona si kuandika. Mungu wangu. Duka la dawa.
Lakini kitu chenye kimo, je? Tufaha kwenye kijiti — ukilizungusha, kijiti hakigeuki! Kwa hiyo kwenye vipimo vitatu lazima mshale mmoja ubaki. Lazima? Kwa nini lazima?
Mlango umefunguliwa. “Bi Harms, ingia.”
Ngoja kidogo, nimesema. Nimemwambia profesa angoje! Maana mlinganyo wa kuutafuta mshale huo ni wa kipeo cha tatu, na mchoro wake unatoka chini kabisa unakwenda juu kabisa, kwa hiyo mahali fulani lazima ukate mstari wa sifuri, na hapo ndipo mshale usiogeuka —