Mke Wangu Kwenye Jukwaa la Wapinzani

Mpendwa Bi Muriel, naomba unisaidie, maana nimeropoka mara moja tu na nyumba yangu imepoa kabisa.

Mimi ni mpeleka barua mstaafu, nina miaka sabini, naishi mji mdogo wa Lancashire, Uingereza, ambao sitautaja kwa sababu huku watu tunajuana, na mke wangu Lorraine nimekaa naye miaka arobaini bila ugomvi wa maana, na starehe yetu kubwa, tafadhali usicheke, ni kutazama tena matangazo ya zamani ya televisheni ya usiku wa uchaguzi mkuu, kwani kuna watu wema wameyaweka mtandaoni mwanzo hadi mwisho, saa nane, saa tisa mfululizo, nasi Jumamosi mvua ikinyesha, na huku hunyesha kweli, tunakaa mchana kutwa na birika la chai na biskuti za tangawizi, yeye anafuma sweta za wajukuu, mimi nazomea mawaziri ambao wengi wao walishakufa. Lorraine hunitania, "Clifford, piga kelele zaidi, labda wahesabu upya," nami namjibu, "Ngoja uone, leo tunashinda," basi tunacheka, tunacheka ile miwani mikubwa kama madirisha, na yule bwana anayehangaika mbele ya mshale wa kuonyesha kura zimehamia wapi.

Sasa mwezi uliopita nikaupata usiku wa uchaguzi wa mwaka 1983 ukiwa mzima, maana tuliokuwa tukiutazama siku zote umekatika katikati, na mwaka ule mimi ndiye niliyegawa vikaratasi vya chama cha Leba mlango kwa mlango mpaka viatu vikatoboka, na jimboni kwetu tukashindwa kwa kura chache nikalia mbele za watu. Basi kamera ikaingia ukumbi wa mji wetu, mgombea wa Wahafidhina akatangazwa mshindi, na nyuma ya bega lake, ana ua la utepe wa buluu, rangi ya chama chao, kifuani, anapiga makofi na kurukaruka, alikuwa Lorraine wangu. Kijana kabisa, gauni la njano. Nikasimamisha picha. Sindano za kufumia pembeni yangu zikanyamaza.

"Lorraine, yule ni nani?"

"Unamjua, Clifford."

"Si tulipokutana uliniambia usiku ule wa uchaguzi ulikuwa kitandani na homa?"

"Nilikuambia hivyo, ndiyo. Nilidanganya."

Akanieleza kwamba mama yake alikuwa akiishi nyumba yenye ukungu ukutani, kifua kinambana, na yule bwana, wakati huo akiwa diwani tu, alikwenda ofisi ya nyumba za halmashauri mara tatu kumpigania mpaka akahamishiwa pakavu, hivyo alipogombea ubunge Lorraine akamwandikia anwani kwenye bahasha za kampeni wiki mbili kama shukrani. Mwezi mmoja baadaye tukakutana dansini, mimi na yeye, na eti maneno yangu ya kwanza yalikuwa kwamba siwezi kukaa meza moja na mtu yeyote aliyemsaidia mshenzi yule. "Nikakutazama," akasema, "nikakupenda, nikasingizia homa. Halafu miaka ikapita, ikawa vigumu kusema."

Bi Muriel, hapo mtu mwenye akili angemshika mkono. Mimi nikauliza, "Na tangu hapo umekuwa ukimpigia nani kura?"

"Hilo tunalijua mimi na penseli ya kituo cha kura."

"Kumbe miaka arobaini nimeishi na mgeni!"

Akaweka uzi kikapuni, akasimama. "Haya. Mgeni hulala chumba cha wageni."

Wiki tatu sasa yuko huko. Chakula ananipa, lakini mazungumzo yetu ni "chumvi hiyo hapo" na "mlango umefunga?" Jumamosi iliyopita nilitazama peke yangu ule wa 1997, ambao tunashinda kila kona, na sikuona raha hata kidogo. Je, nimbane anieleze yote anayonificha, au nifanyeje?

Clifford


Kaka Clifford,

Pole. Haya, pole imekwisha, sasa nisikilize.

Mkeo alikosea kukudanganya kuhusu ile homa, na una haki ya kusema kwamba imekuuma. Sema mara moja, kwa upole, basi. Lakini jiulize kwa nini alidanganya. Wewe ulimfungia mlango kabla hata hujamwuliza jina lake! Binti alimshukuru mtu aliyemtoa mama yake kwenye ukungu. Ulitaka amlaani?

Na hiyo kura yake usiiguse. Kura ni siri, hata kwa mume, hata kwa mume aliyetoboa viatu. Marehemu mume wangu alikuwa wa chama cha Kiliberali na mimi sikuwa. Kila uchaguzi tulikwenda kituoni tumeshikana mikono, kila mmoja akaua kura ya mwenzake, tukarudi tukala samaki na chipsi. Sijawahi kukosa usingizi.

Eti mgeni! Mgeni gani anakaa saa tisa nzima akisikiliza ukiwazomea watu aliowahi kuwapigia makofi, na bado anakumiminia chai? Huyo amekuvumilia kuliko ulivyostahili, na wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana ushindi wako wa 1997 umekosa ladha.

Basi, weka gazeti chini, panda ngazi leo hii, usingoje Jumamosi. Gonga mlango. Sema, "Lorraine, wewe si mgeni, mimi ndiye mpumbavu," kisha funga mdomo. Usiongeze "lakini". Mwulize habari za mama yake na ile nyumba, umsikilize mpaka mwisho. Akikubali kushuka, mwekee tena ule wa 1983, umwache akusimulie usiku ule ulivyokuwa upande wake wa ukumbi, maana wa upande wako ameusikia miaka arobaini.

Na ikifika ile sehemu naye akapiga makofi, mwache apige. Walishinda kihalali.

Muriel