Kichwa Ndiyo Tunapima

Kibuli, Kampala
Jumanne, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu mpenzi Mwanahamisi,

Amani ikufikie wewe na wote waliomo katika nyumba ya baba. Goti lako linaendeleaje? Binti yangu Rehema ameniambia kwamba mlipozungumza kwenye simu ulilalamikia maumivu, kisha ukamkataza asinieleze. Huyu hajui kuficha. Huku tu wazima, isipokuwa jambo moja, nalo ndilo linalonifanya niandike. Siku hizi kwenye simu maneno yananipotea katikati. Kwenye karatasi naweza kurudi nyuma nikaona nilichosema.

Umeniuliza mara nyingi nitarudi Pangani lini. Nilikuja huku na ami kuuza nguo nikidhani ni msimu mmoja, na tangu hapo nakujibu "Mungu akipenda," kama mtu anayemtoa mgeni kwa adabu. Leo nakujibu sawasawa.

Mwezi uliopita nilitoka msikitini baada ya alasiri, nikateremka kilima hadi nyumba tuliyohama zamani, wakati marehemu mke wangu yu hai. Nikabisha, nikamkemea mwanamke aliyefungua kwa kubadilisha pazia bila kuniuliza. Alikuwa muungwana. Alinipa maji, akamtafuta Rehema.

Daktari alinihoji tarehe na majina ya wanyama, akaniambia nichore saa. Duara nililichora vizuri, mishale nikaisahau. Akasema huenda ni mishipa midogo iliyoziba, huenda ni maradhi ya kusahau. Ili wapambanue, wapime jinsi damu inavyofika kila pembe ya ubongo. Mimi nilitaka kujua kwa sababu moja tu. Kama akili inaondoka, nije kwenu wakati bado nawajua. Kama haiondoki, nibaki na wanafunzi wangu wa Kurani, watu wazima waliofika nusu ya njia.

Kipimo chenyewe ni hivi. Unachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Dawa inakwenda na damu, na penye damu nyingi inanata kwa wingi. Baadaye kamera kubwa inakuzunguka kichwa ikiipokea mionzi ile. Kwa hiyo picha inayotoka ni ya ubongo ulivyokuwa dakika ya sindano, wala si ulivyo chini ya kamera. Ndiyo maana kabla ya kuchomwa unakalishwa katika chumba kimya, taa zimepunguzwa, usifanye lolote.

Aliyenishughulikia ni Bi Akello, mama wa makamo, binti wa askari kutoka kaskazini, na Kiswahili chake ni cha kambini. "Mzee, kaa tu. Hapana ongea, hapana soma, hapana lala." Nikampa gazeti na miwani yangu. Nikakaa, mdomo nimeufunga, nikaanza Yasini, hata sindano ikanikuta humo.

Alipokuja kunitoa akauliza, "Ulikaa vizuri?"

"Vizuri sana. Nimesoma Yasini nzima, nikaanza tena."

"Ulisoma? Si nilikuambia hapana soma!"

"Nimesoma kwa kichwa, mwanangu, si kwa macho."

"Mzee! Kichwa ndiyo tunapima!"

Rehema, aliyenisindikiza, alicheka hadi akashika ukuta. Aibu ni yangu. Kwetu mtu akiambiwa "haya, soma," hachukui kitabu, anafumba macho. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote, na siku niliyokatazwa nikadhani linakatazwa gazeti.

Dawa ilikuwa imeshaingia, wakapiga picha. Lakini daktari alitaka ubongo uliopumzika, akaniambia nirudi wiki ya pili. Wiki ile nilijizoeza kukaa bila kusoma, na ni kazi kubwa kuliko kufunga. "Baba, bambi, wewe fikiria matoke tu," Rehema akanishauri; "bambi" ndiyo "maskini" ya huku. Nikamjibu kwamba matoke nayafikiria tangu niingie Uganda, pengine ndiyo yaliyonimaliza.

Mara ya pili nilikazia macho tundu la msumari ukutani mpaka sindano ikapita. Bi Akello akaniuliza mlangoni, "Leo hapana soma?" Nikamwambia, hata herufi moja. "Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda, "mzee mzuri."

Jana daktari aliziweka picha mbili pamoja. Pande zote mbili, juu ya masikio kuelekea nyuma, damu ni haba katika zote. Si mishipa iliyoziba hapa na pale. Picha peke yake haitoshi, alisema, lakini ukiiunganisha na majibu yangu ni mwanzo wa maradhi ya kusahau. Kisha akagusa ile ya kwanza, mbele upande wa kushoto, palipong'aa zaidi. "Hapa ulikuwa unasoma." Nikamwuliza hapo patabaki hadi lini. Akasema kilichoshikwa utotoni mara nyingi hukaa sana, ila hawezi kuniahidi. Nilimpenda kwa kutoniahidi.

Basi nakuja. Darasa nimemkabidhi mwanafunzi aliyewatangulia wenzake. Rehema atanileta kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, akae nasi wiki mbili.

Nisalimie shemeji Hamza, mumeo, na shangazi yetu Bi Mwanaasha, msusi wa mikeka. Mwambie aache kupunguza umri wake, mimi bado naukumbuka. Imamu wa mtaani umwambie sitaongoza swala, nitasimama nyuma.

Nawe nakuomba jambo moja. Itafika siku nitakuita kwa jina la mama. Usinisahihishe mbele ya watu. Itika, uniulize nataka nini.

Ni mimi kaka yako, ninayekujua,
Athumani