Sauti Yako kwa Wateja wa Mbali

Wifi yangu Mwajuma,

Nikusalimuje? Ungekuwa hai ningekuuliza umeamkaje, nawe ungenitukana kidogo kwanza ndipo ujibu. Basi naanza tu. Nimekaa uani, hapa hapa Ujiji. Vichanja vya kuanikia dagaa ni vitupu. Ni mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mitumbwi imelala ufukweni.

Simu yako ninayo mimi. Baada ya arobaini kaka yako alitaka tuizime. Nikamwambia, mume wangu, wateja wote wa Mwajuma wamo humu, tukiizima tumefunga biashara. Akaniachia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka? Mimi nikiona mbalamwezi nilikuwa nalala, nasema kazi hakuna. Wewe ndipo ulipojifunga khanga, ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukaanza kuwapigia watu mmoja mmoja, wa Tabora, wa Kahama, mpaka Singida. Huwauzii kitu, maana kitu chenyewe hakipo. Unauliza mtoto amepona? Mvua zimenyesha? Mkwe amejifungua salama? Ulikuwa ukiniambia, "Dagaa wakiwapo kila mtu anauza, wifi. Sisi tunauza wasipokuwapo." Nilidhani unapenda umbea tu. Na ulipenda, usikatae. Watu husema kizuri chajiuza. Wewe ulisema hao waliosema hivyo hawajawahi kuuza dagaa.

Kisha presha ikakuangusha pale pale kwenye vichanja. Tulikuzika, tukapokea wageni, na mbalamwezi ya kwanza ikapita bila mtu kumsalimu mteja yeyote. Simu ikaita yenyewe. Alikuwa Mama Kulwa wa Tabora, yule anayechukua mzigo kuliko wote. Hata hujambo hakusema, akidhani ni wewe. "Mama Hamisi, nimekukosea nini? Mbona mwezi huu hujanijulia hali?"

Nilifungua mdomo nimwambie umefariki. Neno lilikataa, wifi. Nikasikia maneno yako yanatoka kinywani mwangu, na sauti yako ile nzito: "Ee, jamani, mafua yalinibana." Akacheka. Akaagiza magunia manne, kama kawaida yenu.

Basi nikawa wewe. Si kwa ujanja, kwa woga. Sisi wenye biashara ndogo hatuna bango wala duka la vioo. Tulichokuwa nacho ni wewe, watu walinunua kwa sababu ni Mama Hamisi. Wakijua haupo, mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa, wamejaa wauzaji, kwa nini waning'ang'anie mimi? Na Hamisi wako yuko shule bado. Nikiwa peke yangu nilijifunga khanga yako kabla ya kupiga simu, maneno yalikuja vizuri zaidi. Nikigeuza dagaa juani nilikusikia ukinikemea nisiwarundike, nami nilikujibu kwa sauti, mpaka jirani akachungulia.

Siku moja yule baba wa Singida akauliza, "Na yule wifi yako mvivu, bado unaye?" Nikamwambia ninaye, nitafanyaje, kaka yangu ndiye aliyemleta. Tukanicheka pamoja, mimi na yeye. Nilipokata simu sikujua ni nani kati yako na mimi aliyezikwa.

Juzi kaka yako aliwahi kurudi kutoka Mwandiga. Nilikuwa uani naongea na Kahama, maongezi yameshamiri, "ee jamani" zako zote ninazo. Nikasikia kitu kimeanguka. Alikuwa amesimama mlangoni, mkate na sukari viko chini.

"Mwajuma?"

Na mimi, Mungu anisamehe, niliitika.

Alilia, wifi. Hata makaburini hakulia vile. Akaniambia, "Mke wangu, dada yangu nimemshusha kaburini kwa mikono hii. Usinifanye nimzike tena kila mbalamwezi."

Leo asubuhi nimempigia Mama Kulwa. Nimeongea kwa sauti yangu, hii nyembamba uliyokuwa ukisema inafaa kuuzia pipi. Nikamwambia, "Mimi ni Zuhura, wifi yake Mama Hamisi. Mwenyewe alishafariki. Aliyekuwa akikusalimu ni mimi."

Alilia kwanza. Kisha akakasirika, na hasira yake nimeistahili. Alisema nimemdhulumu msiba wake. Wenzake wamekaa chini wanakulilia, na yeye yuko kwenye simu anacheka na mimi. Angekuja, alisema. Angepanda treni aje akuzike.

Halafu akauliza, kwa ubaridi, "Wewe Zuhura, kuanika unajua?"

Nikasema ulinifundisha wewe.

"Giza likirudi, lete gunia moja. Moja tu. Na uandike jina lako, usiandike la marehemu. Nikilifungua ndipo nitajua kama unaweza."

Gunia moja, wifi, kutoka manne. Kesho nitampigia wa Kahama, kisha wa Singida, na kila mmoja nitamsikia akilia, na wengine najua hawatarudi. Nikikosea kuanika hakuna tena wa kujificha nyuma yake.

Khanga yako nimeifua, nimemkunjia Hamisi aiweke. Nakuahidi mtoto hatatoka shule kwa sababu ya dagaa. Nakuahidi kila mbalamwezi nitawajulia hali watu wako, hata wale watakaoninunia, na nitaanza kwa kusema mimi ni nani.

Lala salama, Mwajuma. Najua mazoea yana taabu, iko siku nitajisahau nikuite pale kwenye vichanja. Nakuomba sana, wifi yangu. Usiitike.

Zuhura